Mji Mkuu wa Zamani, Kutoka Kunduchi hadi Mbagala

Dar es Salaam ilikaa na serikali kwa zaidi ya karne moja. Wajerumani walihamishia hapa utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza wakauteka mji Septemba 1916 na kuufanya makao yao ya kuitawala Tanganyika. Baada ya Uhuru mwaka 1961, na Muungano mwaka 1964, wizara, balozi na Ikulu viliendelea kuwa palepale, ufukweni mwa bandari. Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu yaende Dodoma, lakini zaidi ya miaka 40 ikapita kabla Serikali haijaanza kuhama kwa dhati, mwaka 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018. Anayezuru Dar es Salaam leo anazuru mji mkuu wa zamani, ingawa kwa mkazi wa Temeke au Kinondoni hakuna kilichopungua: foleni ni zilezile.

Ziara ya kawaida huanza na kuishia Posta, katikati ya mji. Mgeni huonyeshwa Sanamu ya Askari iliyosimikwa mwaka 1927, Kanisa la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale la enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kisha Makumbusho ya Taifa, na nusu siku imekwisha. Si ziara mbaya. Tatizo lake ni kwamba karibu kila jengo kwenye njia hiyo lilijengwa na mtawala kwa ajili ya mtawala. Mji walioujenga watawaliwa, na ambamo mambo mazito ya karne ya 20 yalitokea, uko nje ya Posta: kaskazini kwa kufuata barabara za Bagamoyo, na kusini kwa kufuata Barabara ya Kilwa. Huko ndiko Kinondoni na Temeke.

Mipaka ya maeneo hayo imebadilika mara kadhaa. Mwaka 2000 jiji liligawanywa katika manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Katikati ya miaka ya 2010 Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Kinondoni ikiwa na watu 982,328 na Temeke 1,346,674, kati ya watu 5,383,728 wa mkoa mzima. Hata hivyo, mazungumzo ya watu hayafuati ramani za halmashauri. Sinza na Manzese ziko Ubungo kiutawala, lakini wazee wengi bado wanazihesabu Kinondoni, na sura hii inawafuata wazee.

Kwa mpangilio wa wakati, ziara ingeanzia Kunduchi, kama kilomita 20 kaskazini mwa Posta. Pwani ya kaskazini ilikuwa na miji midogo ya Waislamu karne kadhaa kabla Sultani Majid hajaanza kujenga kasri lake kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Magofu ya Kunduchi yana msikiti wa mawe ya matumbawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16, na makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18. Baadhi ya makaburi yamesimamishiwa nguzo, na kwenye nguzo na kuta hizo mafundi walipachika mabakuli na sahani za kaure kutoka China. Vyombo vingi vimeng'oka au vimeng'olewa. Yaliyobaki ni matundu ya duara ambamo vilikaa. Mibuyu imeota katikati ya makaburi na mizizi yake inainua mawe. Tunis, mji mkuu wa Tunisia kwenye pwani ya Mediterania, umekaa hivyohivyo: magofu ya kale ya Carthage yako kwenye vitongoji vyake vya nje, na mgeni huyafikia kwa treni ya abiria wa kila siku. Tofauti ni kwamba Carthage ina foleni ya watalii, ilhali Kunduchi mgeni anaweza kukaa saa nzima bila kukutana na mtu asiyekuwa mlinzi. Daladala za Barabara ya Bagamoyo humshusha Mtongani, na kutoka hapo bodaboda humfikisha. Ni mahali pa makaburi, kwa hiyo mavazi ya heshima yanatakiwa, na kukanyaga kuta kwa ajili ya picha ni kosa hata kama hakuna anayekataza.

Kutoka Kunduchi historia inaruka hadi mgawanyo wa kikoloni. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, ziliweka masharti tofauti ya nyumba kwa kila sehemu ya mji, na masharti hayo yakawa ukuta kati ya rangi za watu: Uzunguni ufukweni kaskazini, Uhindini katikati, Uswahilini kuanzia Kariakoo, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikiachwa wazi katikati ya hizo mbili za mwisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Kariakoo na Ilala zilifurika. Wafanyakazi wa bandari, reli na viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, walikuwa wakilala watu kadhaa chumba kimoja. Mpango wa jiji wa mwaka 1949, ulioandaliwa na kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb, ulitenga maeneo mapya kwa ajili ya Waafrika nje ya mji wa wakati huo. Magomeni, Kinondoni na Temeke zilikua kutokana na mpango huo.

Aina mbili za nyumba zilizaliwa humo, na bado zinaonekana. Ya kwanza ni kota, nyumba za Serikali zilizojengwa kwa safu, ndogo na zinazofanana. Kota za Magomeni zilibomolewa, na Machi 2022 maghorofa mapya yalizinduliwa mahali pake kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Anayeyatazama kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi hawezi kudhani kwamba hapo palikuwa na vijumba vya chini vyenye miti ya kivuli.

Aina ya pili ni nyumba ya Kiswahili, na hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Mbele kuna baraza la kukaa. Mlango unaingia kwenye ukumbi mrefu unaoipasua nyumba hadi nyuma, na vyumba, kwa kawaida vitatu kila upande, vinafunguka kwenye ukumbi huo. Nyuma ni uani, penye jiko, choo na bafu, na hapo ndipo maisha ya mchana yanapofanyika. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo na paa la makuti. Baadaye yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati na matofali ya saruji. Ramani yenyewe haikubadilika, kwa sababu inalipa: mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vingine, na vyumba vya mbele vinaweza kugeuzwa duka, saluni au ofisi ya fundi cherehani. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa miaka ya 1950, kwa maana mwanamke mwenye nyumba yake hakuwa na mtu wa kumzuia kupokea wageni. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1926, alipoanza kuandikisha wanawake TANU alipita kwenye vikundi vya ngoma na lelemama ambavyo vilikuwa tayari na viongozi, wanachama na mahali pa kukutana. Wanaume wa chama walikuwa na hotuba. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na mtandao.

Katika mtaa wa namna hiyo, Magomeni, ndipo Julius Nyerere alipojenga nyumba yake ya kwanza mjini. Alikuwa ameacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aongoze TANU, na hakuwa na mshahara wa kutamba nao. Nyumba hiyo ni makumbusho sasa. Ni ndogo, vyombo ni vya kawaida, na ziara yake haichukui muda mrefu. Watu wanaotegemea kasri hutoka wamepungukiwa, lakini wanaojua kwamba mwenye nyumba aliingia Ikulu miaka michache tu baada ya kujenga hapo huondoka na kitu cha kufikiri. Inafikika kirahisi: mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma Mei 2016, yanapita Magomeni yakitokea Kivukoni kuelekea Kimara, na tawi moja linakata Barabara ya Kawawa kupitia Kinondoni hadi Morocco.

Kutoka Magomeni, anayefuata historia ya Uhuru hana budi kuvuka jiji hadi Temeke. Uwanja wa Uhuru, uliojulikana kama Uwanja wa Taifa, ndipo bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Tanganyika kupandishwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Mwana wa mfalme Philip alikuwepo kumwakilisha Malkia, pamoja na Gavana Richard Turnbull aliyekuwa akikabidhi, na usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro akiwasha Mwenge. Uwanja huo umebaki kuwa mahali ambapo taifa hufurahia na kulia. Mwili wa Mwalimu Nyerere uliagwa katika uwanja huo Oktoba 1999. Machi 2021, umati uliofika kumuaga Rais John Magufuli ulisongamana, na watu 45 wakapoteza maisha.

Ubavuni mwake uko Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliojengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina hilo baada ya Rais huyo mstaafu kufariki mwaka 2020. Unachukua watu 60,000. Watu husema tu "kwa Mkapa". Anayetaka kuielewa Dar es Salaam kwa saa chache kuliko kitabu chochote kinavyoweza kumfunza aende siku ya Yanga na Simba. Klabu hizo, ya mwaka 1935 na ya mwaka 1936, zina nyumba zao Jangwani na Msimbazi, lakini ni Temeke ndipo zinapomaliza ubishi. Tiketi inunuliwe mapema. Rangi ya nguo nayo ifikiriwe kabla ya kutoka nyumbani: kijani na njano ni Yanga, nyekundu ni Simba, na mgeni aliyevaa kwa bahati mbaya ataulizwa maswali kuanzia kwenye daladala.

Viwanja vya Sabasaba, kwenye Barabara ya Kilwa, hupata uhai kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, wakati wa maonesho ya biashara. Siku yenyewe ya tarehe 7 Julai ni ukumbusho wa kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, ingawa wengi wanaojaza viwanja hivyo wamefuata punguzo la bei za magodoro. Nje ya msimu hapana mengi ya kuona.

Stesheni ya TAZARA, penye makutano ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela, ni ya kuona wakati wowote. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilihitaji njia ya kusafirishia shaba yake bila kupitia Rhodesia ya walowezi na nchi zilizotawaliwa na Wareno. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia, China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na kufikia mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikuwa imefika Kapiri Mposhi. Jengo lake ni la zege, pana, lenye dari ya juu na ukumbi ulioundwa kupokea umati mkubwa kuliko ule unaoonekana humo siku nyingi. Anayetaka kusafiri aulize ratiba mapema na asiifunge ndoa nayo.

Kusini zaidi, Barabara ya Kilwa inapita Mtoni hadi Mbagala Rangi Tatu, na njia ya mwendokasi imejengwa katikati yake. Kabla ya kufika huko kuna Tandika, soko ambalo wafanyabiashara wa mitumba wanalijua kuliko wanavyojua bei ya nguo mpya. Mabelo hufunguliwa asubuhi, na waliowahi ndio wanaopata nguo za kwanza. Masoko ya Temeke hayajawekwa kwa ajili ya mtalii, na uzuri wake uko hapo. Pochi iwekwe mfuko wa mbele, na simu isitolewe bila sababu.

Kurudi Kinondoni ni kurudi kwenye miaka iliyofuata Uhuru, iliyokuwa na misukosuko kuliko kumbukumbu rasmi zinavyopenda kusema. Kambi ya Lugalo, kwenye Barabara ya Bagamoyo, iliitwa Colito. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi humo, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku tano baadaye Serikali ya Nyerere, kwa aibu kubwa, iliwategemea makomando wa Uingereza kutoka manowari ya Centaur kuuzima uasi. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ikapewa jina la Lugalo, Iringa, ambako Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski Agosti 1891, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilifanywa mji mkuu. Kambi hutazamwa kutoka dirishani mwa daladala tu, na kamera iwe mfukoni.

Miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru wa nusu ya kusini ya Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na ofisi mjini kuanzia mwaka 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa imeundwa hapa mwaka mmoja kabla. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi, akiwa Oysterbay katika nyumba ya rafiki. Oysterbay ni Uzunguni ya zamani: barabara pana, kuta ndefu, miti mikubwa. Ni vigumu kuamini kwamba vita vya Msumbiji vilifika kwenye mitaa iliyotulia hivyo. Upande wa pili wa manispaa, viwanja vya Biafra vinakumbusha kwamba Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Leo vinajulikana zaidi kwa mpira wa mchangani na mikutano ya hadhara.

Oysterbay ilizaa pia jambo lisilohusu siasa. Mwaka 1968 Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa amefanya vibarua vya kila aina, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na kuuza nje ya duka la Morogoro Stores, ambako wake wa Wazungu walifanya manunuzi. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 akidhaniwa kuwa mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, wakaunda ushirika mwaka 1990, na bado wanachora karibu na mahali palepale. Kununua hapo ni bora kuliko uwanja wa ndege, kwa sababu mchoraji yupo, anaweza kuulizwa, na bei inazungumzika. Kwa vinyago vya mpingo, hasa vya Wamakonde, kuna Mwenge, ambako wachongaji hufanya kazi mbele ya mnunuzi. Kati ya Mwenge na Posta, Kijitonyama, kipo Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali na ngoma za mwisho wa wiki. Watoto hukipenda. Mtu mzima aliyekwisha kuiona nyumba ya Kiswahili Magomeni ikiwa na watu wake ndani huenda akaona nyumba zisizo na wenyewe zimepoa. Jioni, Coco Beach iko karibu kwa mihogo ya kukaanga, mishikaki na madafu.

Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kupeleka barabara na maji Manzese, Mtoni na Tandika, ambako watu walikuwa wamekwisha kujijengea. Matokeo yake yanasomeka mtaani. Sinza mitaa imenyooka na gari linapita. Manzese na Tandale njia hupinda kufuata nyumba zilizotangulia, na mara nyingine mgeni hujikuta uani kwa watu. Akitokea hivyo asalimie, wakubwa awape shikamoo, aombe njia. Ataonyeshwa, na pengine atasindikizwa.

Katika mitaa hiyo hiyo na ya Temeke ndimo ulimotoka muziki wa mji. Mchiriku ulitokana na ngoma za harusi za Wazaramo, ukaongezewa kinanda kidogo cha Casio na spika zilizochoka, na kundi la Jagwa Music likaupeleka hadi Ulaya. Juma Nature na wenzake wa TMK Wanaume waliitangaza Temeke kwa herufi tatu zinazojulikana nchi nzima. Diamond Platnumz alikulia Tandale. Singeli, wenye mwendo wa kasi kuliko miguu ya wengi, ulikua kwenye studio za vyumba vya kupanga, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege ya Kampala ikatoa mkusanyo wa studio ya Sisso ya Mburahati ulioufikisha kwenye matamasha ya nje. Nyumbani unasikika vizuri zaidi kwenye vigodoro, sherehe za kukesha mtaani kabla ya harusi, ambazo viongozi wamezipiga marufuku mara nyingi na ambazo hurudi. Mgeni asiende peke yake. Aende na mwenyeji anayejulikana mtaani, aache vitu vya thamani hotelini, na kurudi iwe kwa bajaji ya kijiwe cha karibu, bei ikikubalika kabla ya kupanda.